Rozwudi kwenye gitaa kavu: inabadilisha nini hasa, na namna ya kuipima kwa masikio yako

Chukua kipande kikavu cha mpingo, mabaki yale yanayozagaa miguuni pa wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam. Kishike kwa ncha za vidole viwili, kisha ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kitalia kama chuma chembamba, na mlio utakaa hewani kidogo kabla ya kuzimika. Gonga pia kipande cha mkangazi, ile mahogani yetu ya Afrika, cha ukubwa uleule: "tok", basi, kimenyamaza.

Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ni ndugu wa damu wa rozwudi. Rozwudi zote za kweli zimo katika ukoo huo wa Dalbergia: ya Brazil ni Dalbergia nigra, ya India ni Dalbergia latifolia, na kokobolo ya Amerika ya Kati ni Dalbergia retusa. Ule mlio wa kengele ni wa ukoo mzima. Ndio uliofanya rozwudi ya Honduras itumike kwa funguo za marimba za jukwaani, na ndio unaolipia ukinunua gitaa kavu (lisilo la umeme) lenye mgongo wa rozwudi kwa bei ya juu kuliko pacha wake wa mahogani.

Swali ni kama mlio huo unafika kwenye sikio la anayekusikiliza. Unafika, ila umepungua sana njiani, na haufiki kwa sura ya sauti kubwa. Wapiga gitaa wengi tunachanganya hapo. Fuata hatua hizi na gitaa mkononi, si kwa kusoma tu.

Hatua ya 1: Jua nani anafanya kazi gani ndani ya sanduku

Uzi peke yake hausukumi hewa ya maana. Ufunge kati ya misumari miwili ukutani, uupige, utausikia kwa shida. Kwenye gitaa, uzi unatikisa daraja (kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi), daraja linatikisa uso (ubao wa mbele wenye tundu), na uso ndio unaosukuma hewa. Uso wa gitaa la nyuzi za chuma una unene wa milimita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kawaida ubao wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari, wenye uzito wa kilo 400 na kidogo kwa mita ya ujazo. Ni mwepesi, lakini kwa uzito wake ni mgumu kupinda. Hiyo ndiyo spika yako. Chini yake kuna mataruma, vijiti vilivyogundishwa kwa ndani kama vya jahazi, vinavyouzuia uso usibonyee na kuamua sehemu zipi zitembee kwa uhuru.

Hewa iliyomo ndani nayo inapumua kupitia tundu. Kwenye gitaa kubwa la umbo la dreadnought, pumzi hiyo ina nguvu zaidi karibu na hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), yaani kati ya noti ya G na A za chini. Usiniamini mimi. Weka mdomo karibu na tundu, imba "mmm" ya besi ukipanda polepole, na utafika mahali ambapo sanduku zima linakuitikia.

Mgongo na mbavu, zile mbao za pembeni, kazi yake ni ipi, basi? Kidole chako kimetoa nguvu ya kiasi fulani, na hakuna ubao duniani unaoongeza hata chembe juu ya hiyo. Mbao hutofautiana katika kupoteza tu. Rozwudi ya India ina uzito wa takriban kilo 830 kwa mita ya ujazo, na mahogani iko karibu na 590. Mgongo mzito na mgumu hausukumwi kirahisi na hewa ya ndani. Tena rozwudi, hata ikitikiswa, hunyonya mtetemo kidogo sana, na ndiyo sababu inalia unapoigonga. Mahogani ni nyepesi zaidi, inatembea kirahisi zaidi na kuumeza mtetemo haraka zaidi.

Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili. Kila noti ina sauti mama, ile unayoitaja kwa jina, na sauti tanzu, zile ndogondogo za juu zinazoandamana nayo na kuipa rangi. Rozwudi haiikuzi sauti mama. Inaziacha sauti tanzu ziishi muda mrefu zaidi. Besi inakuwa na kina, za juu zinameta, na zote zinabaki hewani kidogo baada ya kidole kuondoka. Sikio hupokea wingi huo na kuuita "sauti kubwa", ilhali mita ya desibeli inaweza isione tofauti yoyote.

Fundi wa Kihispania Antonio de Torres alilithibitisha jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa sprusi, lakini mgongo na mbavu akaviunda kwa karatasi ngumu iliyogundishwa. Alitaka kuonyesha kuwa uso ndio wenye gitaa. Chombo hicho bado kipo, kimehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Hatua ya 2: Tafuta rozwudi iko wapi

Neno "rosewood" kwenye karatasi ya gitaa linaweza kumaanisha vitu vinne: mgongo na mbavu, ubao wa vidole, daraja, au urembo tu. Ubao wa vidole, ule wa shingoni unaokandamizia nyuzi, unakugusa wewe kuliko unavyomgusa msikilizaji, kwa hiyo mchango wake kwenye ukubwa wa sauti hauna maana. Daraja ni habari nyingine. Limekaa juu ya spika yenyewe, hivyo kila gramu ya ziada ni mzigo ambao uzi lazima uubebe kabla uso haujasogea. Daraja la rozwudi kwa kawaida ni jepesi kidogo kuliko la eboni, na mafundi wengine hulichagua kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya hapo uliza kama ni ubao mzima au plaiwudi. Mimi niliwahi kulipia "rozwudi" kwa furaha yote, halafu miezi baadaye, nikibadilisha nyuzi na tochi mkononi, nikaona ndani ya tundu ubao wa rangi ya maziwa usio na undugu wowote na ule wa nje. Ilikuwa ni ngozi nyembamba ya rozwudi juu ya mbao nyingine. Muuzaji hakusema uongo, ni mimi sikuuliza.

Namna ya kukagua: tafuta alama inayoonekana mgongoni kwa nje, mshipa mweusi au mkunjo wa nyuzinyuzi za ubao, kisha mulika ndani mahali palepale. Kama mshipa unaendelea, ni ubao mzima. Kama ndani pana sura tofauti kabisa, ni plaiwudi. Kwa uso, tazama ukingo wa tundu: mistari ya sprusi ikishuka bila kukatika kuanzia juu hadi chini ya ukingo, ni mzima, ukiona tabaka kama za keki, umepata jibu. Na karatasi ikiandika "solid top", imezungumzia uso peke yake. Kuhusu mgongo imekaa kimya, na kimya hicho kina maana yake.

Mfano ulio karibu na mifuko yetu ni Yamaha FG820 na FG830. Zote mbili zina uso wa sprusi ubao mzima. Ya kwanza ina mgongo wa mahogani, ya pili wa rozwudi, na migongo yote miwili ni ya tabaka, si mbao nzima. Plaiwudi ina gundi, na gundi inanyonya mtetemo, kwa hiyo tofauti ya mbao ambayo tayari ilikuwa ndogo inazidi kupungua. Mgongo wa namna hiyo si mbaya. Unastahimili joto na unyevu kuliko ubao mzima, na kwa gitaa la kubebwa kwenye daladala hiyo ni sifa kubwa. Ila usiulipie kana kwamba ni rozwudi nzima.

Hatua ya 3: Sawazisha kabla ya kulinganisha

Ukilinganisha gitaa dogo la mahogani na kubwa la rozwudi, umelinganisha ukubwa. Lenye nyuzi za mwaka jana na lenye nyuzi za jana, umelinganisha nyuzi. Kosa la pili ndilo linaloharibu majaribio mengi ya dukani, kwa sababu jasho na kutu kwanza huua sauti tanzu, na hapo ndipo rozwudi inapoishi. Rozwudi yenye nyuzi chakavu na mahogani yenye nyuzi chakavu ni gitaa moja.

Kwa hiyo: umbo lilelile, nyuzi mpya za aina moja (seti ya 12 hadi 53, yaani unene kwa elfu za inchi, ya fosfa bronzi inatosha), tuni moja iliyokaguliwa kwa programu ya simu, chumba kilekile, kiti kilekile, piki (kipande cha kupigia nyuzi) ileile. Kaa mbali na ukuta. Ukutani besi huvimba zenyewe, na utaisifia rozwudi kwa kazi ya saruji.

Nyuzi zikae saa chache baada ya kufungwa, zimalize kunyooka.

Hatua ya 4: Gonga

Zima nyuzi zote kwa kiganja. Shika gitaa kwa shingo, liache lining'inie bila kugusa mwili wako, kisha gonga mgongo kwa nyama ya kidole gumba, katikati ya sehemu pana. Sikiliza vitu viwili, sauti na mkia wake. Mgongo mzuri wa rozwudi nzima una mkia. Wa mahogani unajibu kwa ufupi na upole zaidi. Wa plaiwudi mara nyingi hutoa sauti ya boksi.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi hawalijui. Piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya E wazi huku gitaa limekugusa tumboni kama kawaida. Piga tena ukiwa umelisogeza, mgongo usiguse chochote. Kama sauti inafunguka sana, basi mgongo wa gitaa hilo unafanya kazi nyingi, na tumbo lako lilikuwa linauziba. Kama hakuna tofauti, mgongo wako ni ukuta unaorudisha sauti mbele, ambayo ni tabia ya migongo mizito. Hakuna iliyo bora kati ya hizo mbili. Lakini sasa unajua kama kitambi kina gharama.

Hatua ya 5: Piga, kwa utaratibu

Anza na uzi wa sita wazi. Upige mara moja kwa nguvu ya wastani, ukiwa mbali kidogo na daraja, na uhesabu sekunde hadi usiisikie tena. Rudia mara tano kwa kila gitaa. Usisikilize urefu tu. Angalia kinachobaki mwishoni: je, ni sauti mama peke yake, au bado kuna mng'ao juu yake? Mng'ao uliobaki ndio mchango unaoutafuta.

Nenda freti ya 12, kile kipande cha chuma cha 12 kwenye shingo, gusa nyuzi bila kuzikandamiza upate zile sauti za kengele. Hapa rozwudi nzuri hujitangaza kuliko mahali pengine popote.

Kisha kodi nzima, polepole, uzi baada ya uzi. Wapigaji husema rozwudi ina shimo katikati: besi na za juu ziko mbele, za katikati zimerudi nyuma. Mahogani ni kinyume, katikati imejaa, kila noti imesimama peke yake na inaondoka mapema. Nchini Marekani kampuni ya Martin imeuza tofauti hii kwa miongo mingi kupitia gitaa mbili za umbo moja, D-18 ya mahogani na D-28 ya rozwudi, ambazo ni karibu pacha ukiacha mbao hizo na urembo. Hadi mwaka 1969 D-28 zilikuwa za rozwudi ya Brazil, kisha kampuni ikahamia ya India. Wenye fedha nyingi bado wanabishana kuhusu mwaka huo.

Mwisho piga haraka, kwa mkono wa ridhimu unaokata. Noti zinazodumu zinaanza kukanyagana. Kilichokuwa utajiri kwenye kodi ya polepole kinakuwa matope.

Ukitaka namba, weka simu yenye programu ya desibeli mita moja mbele ya tundu, usiisogeze tena. Piga kodi moja mara 20 kwa kila gitaa, andika kilele cha kila pigo, tafuta wastani. Utagundua kuwa mkono wako wenyewe unatofautiana desibeli kadhaa kutoka pigo moja hadi lingine. Tofauti ya desibeli 1 ni ndogo kiasi kwamba sikio linaigundua kwa shida, na ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu inahitaji kupanda kama desibeli 10. Gitaa mbili za umbo moja zikitofautiana kwa desibeli moja au mbili, usikimbilie kuisingizia mbao ya mgongo. Nyuso mbili za sprusi zilizokatwa mti mmoja zinaweza kutofautiana hivyo.

Hatua ya 6: Fumba macho

Hatua hii inauma, na ndiyo yenye ukweli mwingi. Mwombe mwenzio apige gitaa zote mbili nyuma yako, kwa mpangilio asiokuambia, mara 10. Andika kila mara unadhani ni lipi. Ukipata 5 au 6, umebahatisha. Ukipata 9, unasikia kweli.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walifanya jambo kama hili kwa makini zaidi na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Fundi Roger Bucknall wa Fylde Guitars aliwatengenezea gitaa sita zinazofanana kila kitu isipokuwa mgongo na mbavu: rozwudi ya Brazil, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na mti wa jozi (walnut). Wapiga gitaa 52 walizipiga kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma ili wasione mbao. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na bei ya mbao haikuleta tofauti ya ubora. Wachache walipopewa jaribio la kutofautisha gitaa mbili kwa sikio, hawakufanya vizuri pia.

Je, hii ina maana hatua ya 5 ni porojo? Sidhani. Bucknall alijitahidi kuzifanya zifanane, na hilo ndilo lengo la jaribio. Katika maisha ya kawaida, kiwanda kinachoweka rozwudi mgongoni mara nyingi kinaweka pia sprusi bora usoni na mataruma yaliyochongwa vizuri zaidi. Unaposikia gitaa la rozwudi likilipiku la mahogani dukani, umesikia kitu cha kweli, ila huenda umekipa jina lisilo lake.

Hatua ya 7: Chagua kwa muziki unaoupiga

Unaimba peke yako, kodi za polepole, hakuna besi wala kinanda: rozwudi inajaza nafasi. Unapiga ndani ya bendi, kuna besi na ngoma: zile besi za rozwudi zitagombana na mpiga besi, na fundi mitambo ataanza kwa kuzikata. Mahogani, au mkangazi wetu, itakaa katikati na kusikika bila ugomvi.

Mtindo wa vidole viwili, gumba likitembea kwenye besi na cha shahada kikiimba juu, ule uliompa sifa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, unataka kila noti iondoke kabla nyingine haijafika. Kwa masikio yangu mahogani inaupenda mtindo huo zaidi. Najua wapo watakaonirushia mawe kwa kusema hivyo.

Ukirekodi gitaa la rozwudi, usiiweke maikrofoni mbele ya tundu, kwani zile hezi 100 zitakufunika. Ielekeze freti ya 12, sentimita 25 hadi 30 mbali.

Hatua ya 8: Kama shida yako ni sauti ndogo

Basi rozwudi si dawa. Fuata mpangilio huu, kuanzia rahisi: nyuzi mpya, piki nene kidogo, mfupa wa daraja (kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi) ulioketi barabara bila mwanya chini yake, nyuzi zilizoinuliwa kiasi ili zisigonge freti, kisha uso wa ubao mzima, kisha umbo kubwa zaidi. Mbao ya mgongo iko mkiani mwa foleni hii. Usifunge nyuzi za seti ya 13 kwenye gitaa lililojengwa kwa seti ya 12 bila kumuuliza fundi, daraja linaweza kuanza kunyanyuka.

Kwa sisi wa pwani kuna mshukiwa mwingine. Gitaa la mbao nzima linataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa hukaa juu ya hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Uso unakunywa maji, unavimba, unakuwa mzito na sauti inalala. Nimeletewa gitaa "lililokufa" ambalo dawa yake ilikuwa wiki mbili ndani ya kasha lililofungwa, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kipima unyevu kidogo cha ndani ya kasha kina faida kuliko kubadilisha gitaa. Kinyume chake, ukihamia bara kwenye ukame au Ulaya wakati wa baridi, kumbuka kwamba rozwudi nzima hupasuka kwa ukavu upesi kuliko mahogani.

Kabla ya kusafiri nalo

Rozwudi ya Brazil imewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992. Gitaa lenye mbao hiyo linahitaji vibali kuvuka mipaka, hata kama ni la babu yako. Ukoo mzima wa Dalbergia uliobaki uliingizwa Kiambatisho cha Pili tarehe 2 Januari 2017, na kwa karibu miaka mitatu wauzaji wa gitaa walihangaika na makaratasi. Tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa, pamoja na vipuri vyake vilivyokamilika, ziliachiliwa, isipokuwa za ile ya Brazil. Msamaha huo unahusu ala, si malighafi: mbao za mpingo za kupeleka kwa fundi wa gitaa nje ya nchi bado ni suala la vibali.

Na ukipata fundi wa kukutengenezea gitaa la mpingo, usishangae mgongo wake ukiwa vipande vinne badala ya viwili. Mti wenyewe ni mwembamba na umepinda, ubao mpana hautoki. Utakuwa mzito pia, kwa kuwa mpingo unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo na unazama majini. Mwambie fundi aukwangue uwe mwembamba kuliko angefanya kwa rozwudi ya India, na ununue mkanda wa bega ulio mpana.